Shajara ya mradi: nyimbo za shangazi na wingi wa teki

Jumamosi

Sauti ya shangazi katika wimbo wa kwanza imekwisha kurekodiwa. Gitaa liliingia mapema, dumbaki, ile ngoma ya taarabu, itaingia mwisho. Kazi iliyo mbele yangu ni kuchagua: kwenye diski kuna teki kadhaa, yaani rekodi za mara tofauti za wimbo huo huo, kila moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ndani yake natakiwa nitoe wimbo mmoja.

Mradi wenyewe ni huu. Shangazi ana nyimbo alizozitunga tangu ujana wake Mombasa, nyingi za mwendo wa taarabu, na hakuna hata mmoja uliowahi kurekodiwa. Yeye anakaa Isili, mimi Pangani, na chumba changu cha kulala ndicho studio. Naandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu wanaorekodi nyumbani hapa Nairobi. Tukikutana mtaa wa Luthuli kutafuta nyaya na stendi tunaongea maiki tu, aina za maiki na bei za maiki, na ni nadra mtu kukueleza anafanyaje akishakuwa na teki chungu nzima za ubeti mmoja. Kwangu mimi hapo ndipo wimbo unapopatikana au unapopotea.

Vifaa havina makuu: laptopu, intafesi ya matundu mawili (kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta), maiki ya kondensa, hedifoni zinazoziba masikio. Programu ni REAPER, toleo la 7. Inatengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo Cockos, leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60, na unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 kabla ya kulipa. Niliipenda kwa sababu haiielemei laptopu ya zamani, lakini kilichonifunga kwake kabisa ni namna inavyopanga teki. Tangu toleo hili la 7 litoke mwaka 2023, treki moja, yaani njia moja ya sauti kwenye programu, inaweza kuwa na safu nyingi zilizolala moja juu ya nyingine, kila teki kwenye safu yake, zote zikionekana kwa pamoja na moja tu ikisikika.

Nimerekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Hesabu yake ni rahisi: sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli baiti 3, ni baiti 144,000 kwa sekunde, sawa na megabaiti 8.64 kwa dakika kwa maiki moja. Wimbo wa dakika 5 unachukua takriban megabaiti 43. Gigabaiti moja inameza teki zaidi ya ishirini za namna hiyo. Ndiyo maana nasema diski si tatizo tena. Wazee waliorekodi River Road kwenye mashine za tepu hawakuwa na anasa hiyo: ukitaka kurekebisha neno ulichomeka sauti mpya juu ya ile ya zamani kwenye treki ile ile, na ya zamani ikafutika moja kwa moja. Uamuzi ulifanyika palepale, mbele ya mwimbaji, na haukuwa na rufaa. Kompyuta haifuti kitu, kwa hiyo uamuzi wote umeahirishwa na kuletwa kwangu, usiku, nikiwa peke yangu. Nimeazimia kuurudisha karibu na mwimbaji kadiri inavyowezekana.

Jumapili

Maelezo ya jinsi tulivyorekodi, kwa sababu teki zikirekodiwa ovyo hakuna programu itakayoziunganisha.

Kwanza gitaa. Nilipiga mwenyewe nikifuata metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, shangazi akiimba kwa sauti ya chini kando yangu ili nijue anapovuta pumzi. Gitaa likishasimama halisogei tena. Likiwa halisogei, kila teki ya sauti inakaa juu ya mstari ule ule wa muda, na ubeti wa pili wa teki ya kwanza unakuwa sambamba kabisa na ubeti wa pili wa teki ya mwisho. Isipokuwa utangulizi: pale shangazi anaimba bila mapigo, anavuta sauti anavyojisikia, na gitaa linamfuata. Ile sehemu tuliirekodi wawili kwa pamoja na itatoka kwenye teki moja bila kuguswa. Uimbaji wa namna ile ukiukata, unaukata mahali ambapo muda wenyewe ulikuwa unatungwa.

Pili, nafasi. Nilibandika utepe sakafuni mahali pa kusimama, na mwingine kwenye stendi kuonyesha kimo cha maiki. Maiki inayosikia upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyoisogelea, kwa hiyo mwimbaji akiwa kiganja kimoja mbali katika teki hii na viganja viwili katika ile, utazipata sauti mbili tofauti na hutaweza kuzishona. Kitufe cha nguvu ya sauti kwenye intafesi sikukigusa hata mara moja tangu tulipoanza hadi tulipomaliza. Blanketi mbili nene zilining'inia nyuma yake, kwa sababu mwangwi wa ukuta mtupu nao hubadilika mtu akigeuza kichwa.

Sauti yake alijisikia moja kwa moja kutoka kwenye intafesi, haikupita kwenye kompyuta. Bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata, ikiwa ya sampuli 1024 kwa kilohezi 48 ni kuchelewa kwa milisekunde 21 upande mmoja tu, na mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa huanza kuburuta maneno bila kujijua.

Tatu, saa. Tulifanya kazi baada ya swala ya alasiri hadi karibu na magharibi. Thika Road hailali, lakini dirisha langu liko upande wa pili na matatu husikika kama mngurumo usiobadilika, na mngurumo usiobadilika si adui wa teki. Adui ni kelele inayokuja na kuondoka. Mvua ilipoanza kupiga mabati ya jirani tulisimama, tukanywa chai, tukasubiri. Ningeendelea, ningekuwa na nusu ya teki zenye mvua na nusu zisizo na mvua, na kila mahali pa kuunganisha mvua ingekatika ghafla kwenye sikio la msikilizaji. Tulipomaliza nilirekodi pia nusu dakika ya chumba kitupu, hakuna anayesema wala kusogea. Ukimya huo wa chumba utanisaidia kujaza mapengo.

Programu inaweza kuzunguka sehemu moja, tuseme mistari minne, na kila mzunguko ikauweka kama teki mpya. Kwa gitaa niliitumia sana. Kwa shangazi nilimpendekezea akakataa.

"Mwanangu, ubeti wa tatu hauimbwi kabla ya wa pili. Huyo mama wa kwenye wimbo bado hajajua kama mtoto harudi. Nitaimbaje asilolijua?"

Basi tukaimba wimbo mzima, tukapumzika, tukaimba tena.

Jumatatu usiku

Leo sikukata chochote. Nimesikiliza na kuandika, na kwa maoni yangu huu ndio usiku muhimu kuliko wote.

Nyimbo za shangazi ni mashairi ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, na hilo limenipa jedwali bila kulitafuta. Kila mshororo una ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), na kila kipande kinaishia kwenye kina, kwenye vokali iliyovutwa, kisha pumzi. Yaani mtunzi ameshaniwekea viungo: anapopumua yeye ndipo ninapoweza kukata mimi. Nilichukua karatasi ya hesabu, nikachora mistari: upande wa kushoto beti na mishororo, kila mshororo umegawanywa ukwapi na utao, juu nikaweka teki, T1, T2, kuendelea. Kila kisanduku kinapata alama moja kati ya tatu. Duara maana yake kipande kinafaa. Duara lililojazwa maana yake hiki lazima kiingie. Msalaba maana yake kimeharibika kwa sababu iliyo wazi: neno limemezwa, stendi imegongwa, sauti imeshuka chini ya noti.

Sikuongeza alama ya nne ya "karibu kufaa." Ukiiweka, nusu ya karatasi itajaa alama hiyo na utakuwa hujachagua kitu.

Nasikiliza kila teki mara moja, mfululizo, macho yakiwa kwenye karatasi na skrini imezimwa. Mawimbi ya sauti kwenye skrini yanadanganya, kwani kilele kikubwa kinaonekana kama nguvu na bonde linaonekana kama udhaifu, na sikio linaanza kusikia kilichoonwa na jicho. Baada ya hapo nazima kila kitu nalala. Kurudia teki ile ile usiku huo huo hakuongezi maarifa, masikio yanachoka na kila kitu kinaanza kuwa sawa.

Karatasi ilipojaa nilitafuta teki mama. Hii ni teki moja nzima itakayokuwa uti wa wimbo, na kazi ya nyingine zote ni kuisaidia pale ilipoumia. Haiwi lazima yenye duara nyingi kuliko zote. Mama wa wimbo huu ni T4, ambayo ina misalaba mitatu, wakati T6 ina mmoja tu. Lakini katika T4 shangazi anamwambia mtu, na katika T6 anaimba vizuri. Tofauti hiyo haipimwi na jedwali, na ndiyo sababu mama anachaguliwa kwa kusikiliza mfululizo, kabla hujaanza kuokota vipande.

Njia nyingine ninaijua: unachukua kipande bora cha kila mshororo kutoka kwenye kila teki na kuvipanga. Nimesikia kazi nyingi zilizofanywa hivyo. Kila mstari unang'aa na wimbo hauendi popote, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuuimba hivyo.

Jumatano

Kukata.

Kwenye REAPER nafungua safu mpya tupu juu ya zote, hiyo ndiyo ya mchanganyiko. Ukiburuta kipanya juu ya sehemu ya teki unayoitaka, sehemu hiyo inaingia kwenye safu ya mchanganyiko na ile ya asili inabaki ilipo, haijaguswa. Unaweza kusogeza mpaka kushoto au kulia baadaye, na unaweza kuwa na mchanganyiko wa pili pembeni ukalinganisha. Anayetumia njia ya zamani ya programu hiyo hiyo atagawa kwa kitufe cha S na kupokezanisha teki kwa T, matokeo ni yale yale. Programu ya Ableton Live nayo imekuwa na safu za teki tangu toleo la 11 la mwaka 2021. Kwenye Audacity unaweka kila teki kwenye treki yake na kunyamazisha usizozitaka. Inachosha, lakini inafanyika.

Nilianza kwa kuiweka T4 yote kwenye mchanganyiko, kisha nikaenda kwenye misalaba mitatu.

Msalaba wa kwanza uko kwenye mshororo huu:

Taa sikuizimisha, kikombe nimekiosha.

Neno "kikombe" lilimezwa. T2 ina utao mzuri wa mshororo huo, na kazi ilikuwa fupi sana. Herufi k ina siri: kabla haijatoka, ulimi unafunga njia ya hewa, na kwa muda mfupi mno hakuna sauti kabisa. Vivyo hivyo t na ch, na p pia, ila yake hufungwa na midomo. Ukikuza mawimbi utaona bonde tambarare kabla ya mlipuko. Weka mkato ndani ya bonde hilo na hakuna sikio litakaloujua. Nilikata mbele ya k ya "kikombe", nikaacha programu ipishanishe sauti mbili kwa milisekunde 10, basi.

Msalaba wa pili ulinishughulisha hadi usiku wa manane:

Ewe mwana nimelea, moyo wangu waumia.

Soma mshororo huo kwa sauti. Hakuna mahali hewa inapofungwa na kunyamaza. Ni w, m, n, l, y, sauti zinazotiririka kutoka vokali hadi vokali, na mfumbato mmoja wa ng ambao nao una mtetemo ndani yake. Kwenye utao shangazi aligusa stendi katikati ya "wangu". Kukata ndani ya kipande haiwezekani, kwa sababu vokali mbili kutoka teki mbili hazilingani kimo wala rangi, na mpishano unasikika kama watu wawili wamesema neno moja. Dawa ni kurudi nyuma hadi kwenye pumzi. Nilichukua utao wote kutoka T5, kuanzia pumzi inayoutangulia.

Hapa kuna kanuni ninayoishikilia: pumzi ni mali ya kipande kinachoifuata. Mtu anavuta hewa kulingana na anachotaka kusema, ndogo kwa mstari mfupi, kubwa kwa mstari mrefu. Ukiacha pumzi ya T4 kisha ukaweka maneno ya T5, msikilizaji hatajua kilichotokea ila atahisi mwimbaji amesema kwa hewa isiyo yake. Na usiifute pumzi. Kwenye taarabu pumzi ni sehemu ya mwendo.

Kati ya kina cha "nimelea" na pumzi ya T5 palibaki pengo dogo lenye ukimya mtupu wa kompyuta, ambao ni tofauti na ukimya wa chumba. Pale ndipo nilipotandika ile nusu dakika tuliyoirekodi.

Msalaba wa tatu niliuacha. Nitamuuliza mwenyewe.

Alhamisi

Gitaa, kwa ufupi. Nililirekodi kwa maiki mbili, moja karibu na tundu na moja karibu na shingo. Teki za maiki mbili lazima zifungwe pamoja kama kundi, ukikata moja nyingine ikatike papo hapo, ukihama teki zote zihame. Sauti moja inafika kwenye maiki hizo kwa nyakati zinazopishana kidogo, na upishano huo ndio unaolipa gitaa umbo lake. Ukichanganya tundu la teki hii na shingo la teki ile, unapata magitaa mawili yanayogombana. Kwa kiitikio nilitumia mzunguko na kuchukua teki mbili tu. Kazi ya saa moja.

Jumamosi

Shangazi amekuja kusikiliza. Sikumwonyesha skrini. Nilimpa hedifoni, nikampa na nakala ya maneno yake na kalamu, nikamwomba atie alama popote anapohisi kitu, bila kusimamisha wimbo.

"Kikombe" kilimpita. Utao wa T5 nao ukampita. Alitia alama mahali ambapo sikupategemea, ubeti wa tatu, mshororo wa kwanza:

Nimengoja kwa subira, na mlango sikufunga.

Hapo, nje ya misalaba mitatu, nilikuwa nimechukua ukwapi wa T6 kwa sababu noti zake zilikuwa safi kuliko za mama. Haukuwa na msalaba kwenye T4, ulikuwa na duara la kawaida. T6 ilikuwa na duara lililojazwa. Nilidhani nimeupandisha hadhi.

"Hapa," akasema, "huyu anayengoja hana haraka. Na huyu anayesema mlango hakufunga ameshakata tamaa. Ni wanawake wawili, mwanangu."

Nikamchezea T4 peke yake. Kwenye "subira" sauti inatetemeka kidogo, inakaribia kukatika, kisha inajikusanya. Nikamchezea T6, nyororo. Akataka T4 irudi. Nimeirudisha, na nimesikiliza tena usiku huu: utao unaofuata unaanza kwa sauti nzito iliyotokana na kule kutetemeka. Anayekata tamaa kwenye "mlango sikufunga" alianzia kwenye "subira". Nikiondoa mwanzo, mwisho unabaki bila sababu.

Kwa hiyo jedwali limepata kanuni mpya. Duara lililojazwa kwenye teki nyingine halitoshi kuiondoa teki mama. Lazima mama awe na msalaba. Na kipande kikibadilishwa ukwapi, lazima nisikilize mshororo mzima pamoja na unaoutangulia, tena nikiwa na maneno mkononi, nijiulize nani anasema na anajua nini wakati huo.

Msalaba wa tatu, ule niliouacha, alicheka alipousikia. Neno moja kwenye ubeti wa mwisho limeteleza, ametamka "kesho" badala ya "jana". Hakuna teki nyingine aliyoteleza hivyo. Akaomba libaki, na amebadilisha kwenye karatasi yake. Ni mtunzi, ana haki.

Tukarekodi kitu kimoja zaidi, mstari wa mwisho wa kiitikio, kwa kuchomeka: programu ilimchezea mistari miwili ya nyuma kwanza ili aingie akiwa tayari ndani ya wimbo, ikaanza kurekodi mahali nilipoweka alama na kuacha yenyewe. Utepe wa sakafuni ulikuwa bado upo. Bila utepe ule nisingethubutu, kwa maana sauti ya siku nyingine ni ngumu sana kulinganisha.

Jumapili

Kufunga na kuhifadhi.

Majina: kila teki imepewa jina la wimbo, namba, na neno moja la kuikumbuka, mfano "T4 mama", "T5 utao". Rangi mbili tu, kijani kwa zilizoingia, kijivu kwa zilizobaki. Nimehifadhi matoleo mawili ya mchanganyiko, langu la Jumatano na la shangazi la jana, ingawa litakalotoka ni la jana.

Jambo la kuzingatia kwa wanaotumia REAPER: faili la mradi ni maandishi matupu, dogo mno, halina sauti ndani yake. Linaelekeza tu kwenye faili za WAV zilizoko kwenye folda. Ukimtumia mwenzako faili hilo peke yake atapokea wimbo usio na sauti. Unapohifadhi kwa jina jipya, chagua faili zote za sauti zinakiliwe ndani ya folda ya mradi, kisha nakili folda nzima. Yangu iko kwenye laptopu, kwenye diski ya nje, na nakala ya tatu shangazi ameenda nayo Isili kwenye flashi.

Programu ina amri ya kusafisha folda, inayotafuta faili zisizotumika na kuzifuta. Sijaigusa na sitaigusa hadi nyimbo zote zitoke. Teki zisizochaguliwa za wimbo huu hazifiki hata nusu gigabaiti, na ndani yake mna namna za kuimba beti hizi ambazo shangazi hakuzirudia. Binamu zangu watataka kuzisikia.

Wimbo wa pili tunaanza wiki ijayo. Ni mrefu kuliko huu, una beti saba na kibwagizo kinachobadilika. Jedwali nimeshalichora, na safari hii shangazi atakuwa na nakala yake, aweke duara na misalaba yeye mwenyewe, siku ile ile ya kurekodi, kabla hajapanda gari kurudi nyumbani. Mpiga dumbaki anataka kuja Jumapili asubuhi. Nimemwomba asogeze hadi mchana, kwa kuwa kanisa la jirani lina spika kubwa na ibada zake huanza mapema.